Mwale wa kulegeza: uchawi mdogo unaoacha zimwi hai lakini bila nguvu

Mu mchezo wa Dungeons & Dragons, unaojulikana kwa Kifaransa kama Donjons et Dragons, mchezaji anayeshika nafasi ya mchawi anaweza kuchoma adui kwa moto, kumpiga na radi ao kumlaza usingizi. Kati ya nguvu hizo zote kuna moja ndogo isiyo na kelele: mwale unaotoka mu mkono wa mchawi na kufanya mikono ya adui ilegee. Adui hafi, haanguki, mara nyingi hata haumii. Anabaki amesimama na rungu lake mkononi, ila pigo lake halina tena uzito wa mbele.

Kwa Kiingereza uchawi huo unaitwa Ray of Enfeeblement, na kwa Kifaransa rayon affaiblissant. Hapa unaitwa mwale wa kulegeza. Umo mu vitabu vya mchezo tangu 1978, na karibu kila mara vitabu vilipoandikwa upya, kanuni yake ilibadilishwa. Kufuata mabadiliko hayo kunasaidia kuelewa swali moja ambalo watunzi wa mchezo wamelirudilia kwa miaka zaidi ya 40: kumpunguzia mwenye nguvu ile nguvu yake, bila kumwaga damu, kuna thamani gani, na ni nani anayeona faida?

Mchezo wenyewe ni nini

Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, na ulitoka mwaka wa 1974. Kampuni ya kwanza kuuchapisha iliitwa TSR, ya mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mwaka wa 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast, na mwaka wa 1999 hiyo nayo ikaingia mikononi mwa Hasbro.

Watu wanakaa kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi: anasimulia fasi walipo, anasema ni nini kinatokea, na anacheza maadui wote. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi, mtu wa dini. Hakuna ubao wa lazima wala karata. Kuna karatasi, kalamu na dadu, zile za kurusha kama mu ludo, ila hapa ziko za pande nyingi: 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Dadu ya pande 20 njo inayotumika mara nyingi kuamua kama jambo limefaulu ao hapana.

Kila mhusika ana sifa sita zinazoandikwa kwa namba: nguvu za mwili, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Mtu wa kawaida ana 10 ao 11. Mwenye 18 ya nguvu ni mtu wa ajabu. Mu matoleo yaliyotoka tangu 2000, namba hiyo inatoa nyongeza: 10 haitoi kitu, 12 inatoa 1, 14 inatoa 2, 18 inatoa 4. Ile nyongeza inaongezwa kwa dadu wakati wa kupiga, na inaongezwa tena kwa maumivu pigo likiingia. Ndiyo sababu kushusha namba ya nguvu kunagusa mambo mawili kwa mara moja: adui anakosa zaidi, na hata akipata, anaumiza kidogo.

Neno zito, jambo jepesi

Mashariki ya Kongo neno uchawi si neno la kuchezea. Linaweza kuvunja jamaa na kufukuzisha mtu mu kijiji. Ni vizuri kusema wazi kwamba uchawi wa mchezo huu ni sheria zilizoandikwa mu kitabu: umbali, muda, dadu ya kurusha. Hakuna dawa, hakuna maneno ya kweli ya kusoma, hakuna mtu anayeguswa.

Hata Marekani kwenyewe watu walikuwa na hofu. Mu miaka ya 1980 wazazi wengine na vikundi vya dini walishitaki mchezo huo kwamba unafundisha watoto mambo ya shetani. Toleo la pili lilipotoka mwaka wa 1989, watunzi waliondoa mapepo mu vitabu vya msingi. Mwale wa kulegeza ulibaki. Ulikuwa hesabu tu, na hesabu haikumsumbua mtu.

1978: hesabu ya kwa mia

Kitabu cha wachezaji cha 1978, kilichoandikwa na Gygax, kiliweka mwale huu mu ngazi ya pili ya uchawi. Mchawi alianza kupata ngazi hiyo akifika kiwango cha 3. Kanuni ilisema: adui anapoteza 25 kwa mia ya nguvu, na pia ya maumivu yote anayotoa kwa mwili wake. Kila kiwango mchawi anachopanda kinaongeza 2 kwa mia. Mchawi wa kiwango cha 4 anapunguza 27 kwa mia, na yule wa kiwango cha 10 anapunguza 39 kwa mia. Pigo la alama 8 kutoka kwa adui wa mchawi mdogo linakuwa la alama 6.

Mbona kwa mia? Juu wakati ule wanyama na majitu ya mchezo hawakuwa na namba ya nguvu. Wahusika wa wachezaji walikuwa nayo, lakini zimwi ao dubu aliandikiwa tu maumivu anayotoa. Huwezi kutoa kitu kwa namba isiyoandikwa. Gygax alipita njia nyingine: akakata maumivu yenyewe, iwe ya upanga, meno, makucha ao teke. Mambo mengine, kama kubeba mzigo ao kusukuma mlango, aliachia msimamizi aamue.

Adui alikuwa na nafasi ya kujikinga kwa kurusha dadu. Akifaulu, mwale haukufanya kitu hata kidogo.

1989: wote wanashushwa hadi 5

Toleo la pili lilirahisisha. Adui mwenye umbo la mtu, asiyepita ukubwa wa mtu, nguvu yake inahesabiwa kuwa 5, hata kama ilikuwa 18. Anapoteza nyongeza zote za nguvu, anapunguziwa 2 kwa kila jaribio la kupiga na 1 kwa maumivu. Viumbe vingine vinapunguziwa 2 kwa kupiga, na 1 kwa kila dadu ya maumivu.

Kanuni hiyo ilikuwa kali kwa jitu la mtu lenye misuli, na nyepesi kwa mtu ambaye tayari alikuwa dhaifu. Haikuwa tena na haja ya kupika hesabu ya kwa mia katikati ya pigano. Lakini ilibakisha ile hali ya zamani: adui akijikinga vizuri, mwale umeenda bure.

2003: zimwi na mpiganaji mwenye alama 12

Toleo la tatu, la mwaka wa 2000, lilileta badiliko kubwa: karibu kila kiumbe, hata panya, kikapewa namba zake sita. Sasa nguvu ya zimwi iliweza kutolewa kama nguvu ya mtu. Mu kanuni zilizorekebishwa mwaka wa 2003, zinazoitwa 3.5, mwale wa kulegeza uko mu ngazi ya kwanza, yaani hata mchawi anayeanza anaweza kuwa nao. Anarusha dadu moja ya pande 6, na namba inayotoka inaondolewa kwa nguvu ya adui. Kwa kila viwango viwili vya mchawi inaongezwa 1, mpaka 5. Nguvu haiwezi kushuka chini ya 1.

Chukua mfano. Zimwi la 3.5 lina nguvu 21. Rungu lake linaumiza kwa dadu mbili za pande 8 na nyongeza ya 7: kwa wastani alama 16 kwa pigo moja. Mbele yake amesimama mpiganaji wa kiwango cha 1 mwenye alama 12 za uhai, na kinga ya 17 kwa ajili ya vazi la chuma na ngao. Zimwi linaongeza 8 kwa dadu ya pande 20, kwa hiyo likirusha 9 ao zaidi, limempata. Kwa majaribio 20, 12 yanaingia.

Pigo moja la wastani linatosha. 12 kutoa 16 ni 4 chini ya sifuri. Mpiganaji anaanguka, anaanza kufa, na zimwi linageukia wale walio nyuma.

Sasa mchawi anatangulia. Anarusha mwale, dadu yake inaonyesha 6. Nguvu ya zimwi inashuka kutoka 21 hadi 15. Jaribio lake la kupiga linapoteza 3: kwa majaribio 20, sasa 9 tu yanaingia. Nyongeza ya rungu inashuka kutoka 7 hadi 3, na pigo la wastani linakuwa 12. Kwa mpiganaji mwenye alama 12 hiyo ni sifuri kamili. Mu kanuni za 3.5, mtu wa sifuri ameumia sana lakini bado amesimama, na anaweza kufanya kitendo kimoja kidogo: kurudi nyuma, ao kunywa dawa ya kupona.

Zimwi halikutoka damu. Lakini mtu mmoja hakuanguka. Ukihesabu kwa majaribio 100, zimwi lilikuwa linatoa jumla ya alama 960, na sasa linatoa 540. Karibu nusu imepotea kwa namba 6 tu.

Kwa nini zimwi halikwepi

Nguvu nyingine ya kanuni ya 2003 ni namna mwale unavyogusa. Kinga ya zimwi ni 16, lakini sehemu kubwa ya hiyo inatoka kwa ngozi nene na vazi. Mwale hauna haja ya kupenya. Unaomba kugusa tu, na kwa kugusa kinga ya zimwi ni 8, juu ni jitu kubwa na zito. Mchawi mwenye nyongeza ya 2 anahitaji kurusha 6 ao zaidi: mara 15 kwa 20. Kiisha kuguswa, adui hana tena nafasi ya kujikinga. Unene wa mwili haumsaidii.

Muda nao ulikuwa mrefu: dakika moja kwa kila kiwango cha mchawi. Raundi moja ya pigano ni sekunde 6, kwa hiyo dakika moja ni raundi 10. Pigano nyingi zinakwisha mbele ya hapo.

Kuna pia mambo yasiyoonekana upesi. Namba ya nguvu njo inayosema mtu anabeba kilo ngapi. Mtu wa nguvu 18 anabeba kilo 45 na bado anatembea kwa wepesi. Akishushwa hadi 10, mzigo mwepesi kwake unaishia kilo 15. Zile kilo 45 sasa ni mwisho kabisa wa uwezo wake, na anaanza kwenda polepole. Kila anayejua kubeba gunia anaelewa: mzigo haukuongezeka, mgongo njo umepungua.

Mipaka yake

Mwale huu hauui hata kidogo. Ndiyo maana ya ile sheria ya kutoshuka chini ya 1. Mu mchezo kuna vivuli, viumbe vya giza vinavyoguza mtu na kula nguvu zake, na mtu akifika sifuri kwa mguso wa kivuli anakufa. Mwale haufanyi hivyo. Ni upungufu wa muda, si jeraha. Muda ukipita, nguvu inarudi yote. Pia mwale wa pili haujumlishwi na wa kwanza: ule mkubwa njo unaohesabiwa. Wachawi wawili hawawezi kumshusha zimwi mara mbili.

Pia kuna maadui ambao hawajali. Mchawi wa upande wa pili hapigi kwa misuli. Mpiga upinde anategemea wepesi kwa kulenga. Kuwarushia mwale ni kama kumnyang'anya jembe mtu ambaye kazi yake ni kushona.

Bei ya nafasi moja

Ili kuelewa kama uchawi ni mzuri, haitoshi kuangalia unachofanya. Inabidi kuangalia kile mchawi anachoacha ili kuupata. Mchawi wa mchezo huu ana nafasi chache kwa siku. Mu kitabu cha 1978, mchawi wa kiwango cha 3 alikuwa na nafasi moja tu ya ngazi ya pili kwa siku nzima. Akiweka mwale wa kulegeza mu nafasi ile, ameacha utando wa kunasa maadui, ameacha kutoonekana.

Mu toleo la 3.5 mshindani wake mkubwa ni uchawi wa usingizi, nao wa ngazi ya kwanza. Usingizi ukifaulu unamaliza zimwi lote, mpiganaji anakwenda kulimaliza chini. Lakini zimwi linaweza kujikinga, na usingizi una mpaka: hauvuki vipimo 4 vya uhai. Zimwi lina 4 kamili. Jitu lolote lililo kubwa kulipita halilali. Mwale hauna mpaka huo. Kadiri adui anavyokuwa mkubwa na mwenye kutegemea misuli, ndivyo mwale unavyozidi kuwa na kazi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa mu kitabu. Mchezaji anayerusha moto anahesabu maumivu kwa sauti, na meza yote inamshangilia. Mchezaji anayerusha mwale wa kulegeza anasema namba moja, kiisha anangoja. Faida yake inaonekana raundi ya nyuma, kwa mwili wa mwenzake ambaye hakuanguka. Msimamizi ambaye hasemi kwamba rungu limeshuka taratibu, ambaye anarusha tu dadu na kutaja namba, anaficha kazi ya mchawi. Wachezaji wanaishia kufikiri hakuna kilichotokea.

2008, 2009 na 2014: kila mtu na kipimo chake

Toleo la nne, la 2008, lilijaribu kutibu jambo hilo. Mwale ukapewa maumivu yake: dadu moja ya pande 10 pamoja na nyongeza ya akili ya mchawi. Kiisha adui analegea mpaka mwisho wa zamu inayofuata ya mchawi, na maumivu anayotoa yanakatwa nusu. Ulitumika mara moja kwa kila pigano. Mchezaji akawa na namba ya kutangaza na adui akawa amelegea, ila kwa muda mfupi sana.

Mwaka wa 2009 kampuni ya Paizo ilitoa mchezo wake, Pathfinder, uliojengwa juu ya kanuni za 3.5. Wao waliona mwale ule wa zamani una nguvu kupita kiasi. Wakaweka nafasi ya kujikinga, na anayefaulu anapunguziwa nusu tu. Muda ukashuka kutoka dakika moja hadi raundi moja kwa kila kiwango. Kwa mchawi wa kiwango cha 5, dakika 5 zikawa sekunde 30.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la 2014, lilikwenda mbali zaidi. Mwale ulirudi ngazi ya pili. Umbali ni futi 60, karibu mita 18. Mchawi anarusha dadu ili kumpata adui, na akimpata, silaha za adui zinazotumia nguvu zinatoa nusu ya maumivu. Lakini mwisho wa kila zamu yake adui anajaribu kujinasua kwa ustahimilivu wake. Pia mchawi anapaswa kukaza akili wakati wote. Akipigwa anaweza kuupoteza, na hawezi kushika uchawi mwingine wa namna hiyo kwa wakati uleule.

Weka zimwi la 2014 mbele ya mchawi wa kiwango cha 3. Kinga ya zimwi ni 11, mchawi anaongeza 5, kwa hiyo anampata mara 75 kwa 100. Pigo la wastani la zimwi linashuka kutoka 13 hadi 6. Kiisha zimwi linajaribu kujinasua: linaongeza 3 kwa dadu na linatafuta 13, yaani linafaulu mara 55 kwa 100. Piga hesabu yote: kwa mara 100 mchawi anapojaribu, mara 25 hapati kitu, mara 41 hivi anapata zamu moja tu, na mara 34 hivi mwale unapita zamu ya kwanza.

Tofauti na 2003 iko hapo. Milango miwili badala ya mmoja, nafasi ya ngazi ya juu badala ya ya chini, na akili ya mchawi imefungwa. Kwa nafasi ileile ya ngazi ya pili mchawi angeweza kujaribu uchawi wa kumkaza mtu mzima asisogee. Uchawi uliokuwa unaokoa mpiganaji wa alama 12 ukawa na bei kubwa kupita faida yake.

2024: mwale usioenda bure

Kitabu cha wachezaji cha 2024 kiliandika kanuni upya. Mchawi harushi tena dadu ya kulenga. Adui mwenyewe anajikinga kwa ustahimilivu. Akishindwa, mambo mawili yanamfikia. La kwanza: kila jaribio linalotumia nguvu anarusha dadu mbili za pande 20 na anachukua ile ndogo. La pili: kwa kila maumivu anayotoa, ya namna yoyote, inaondolewa dadu moja ya pande 8. Kila mwisho wa zamu yake anaweza kujaribu tena kujinasua.

Na akifaulu kujikinga? Bado anapata kitu kidogo: pigo lake la kwanza, mbele ya zamu inayofuata ya mchawi, analirusha kwa dadu mbili na kuchukua ndogo. Hiyo njo sehemu mpya kabisa. Tangu 1978 mwale uliweza kwenda bure. Sasa hata ukishindwa, mwenzake anayesimama mbele anapata pumzi ya pigo moja.

Kwa namba: adui anayeongeza 6 mbele ya kinga ya 17 anapata mara 50 kwa 100. Akilazimishwa kuchukua dadu ndogo ya mbili, anapata mara 25 kwa 100. Kwa zamu ile, mpiganaji amekuwa na usalama mara mbili. Kukaza akili kumebaki, na ngazi imebaki ya pili. Lakini mchawi hana tena haja ya kuomba radhi kwa kutumia zamu yake.

Ndugu yake mdogo

Mu kanuni za 3.5 kuna uchawi mdogo zaidi wa jamaa hiyohiyo: mguso wa uchovu. Uko mu ngazi ya sifuri, ile ya wanafunzi. Mchawi anatumia tone la jasho na anamgusa adui kwa mkono. Adui akishindwa kujikinga anachoka: nguvu na wepesi zinapungua 2 kila moja, na hawezi kukimbia. Aliyechoka tayari haongezewi kitu. Ugumu wake ni mmoja: ili kumgusa zimwi, mchawi mwenye alama 4 za uhai anapaswa kufika karibu na rungu. Mwale uliondoa hatari hiyo kwa kutumika kutoka mbali.

Kabla ya kuuchagua

Mchezaji anayefikiri kuweka mwale wa kulegeza mu orodha yake aangalie mambo manne. Kwanza, meza inatumia toleo gani: wa 2003 na wa 2014 wana jina moja lakini si kitu kimoja. Pili, msimamizi anapenda kuleta maadui gani: majitu na wanyama, mwale una kazi, wachawi na wapiga upinde, hapana, ijapo kanuni ya 2024 inawagusa kidogo. Tatu, kuna mwenzake anayesimama mbele? Mchawi aliye peke yake hana wa kumkinga, na adui aliyelegea bado anaweza kumfikia. Nne, urushwe mapema. Kulegeza zimwi baada ya mpiganaji kuanguka ni kufunga lupango mbuzi wamekwisha kutoka.

Kanuni za msingi za toleo la tano, pamoja na mwale huu kama ulivyokuwa 2014, ziliwekwa bure kwa watu wote mu Januari 2023, na zipo pia kwa Kifaransa. Mwenye simu na karatasi anaweza kuzisoma bila kununua kitabu. Dadu ya pande 20 ikikosekana, vipande 20 vya karatasi vyenye namba, mu kofia ao mu bakuli, vinafanya kazi ileile.